Gasketi mpya haifichi uso mbovu wa manifoldi

Mwenye chombo anayenunua gasketi ya ekzosi mara mbili katika msimu mmoja huwa wepesi wa kulaumu duka kuwa limemuuzia mali feki. Mali feki zipo sokoni, lakini mara nyingi kasoro iko kwenye injini yenyewe: uso wa chuma uliolaziwa gasketi haukusafishwa, haukupimwa, au umepinda.

Jambo hili linawahusu wafanyabiashara wa wilaya za Biharamulo na Ngara kwa njia mbili. Biharamulo ina soko la asili la vyombo vya Ziwa Victoria kupitia Chato, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi 2005 na tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Ngara nayo ina mito ya Kagera na Ruvubu. Aidha, vituo vya Nyakanazi, Lusahunga na Benaco viko katika njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na fundi aliyezoea malori ndiye anayeweza kuitwa ziwani mashine inapogoma.

Kazi zenyewe zinafanana, ila hasara yake ni tofauti. Lori likivujisha moshi hupiga kelele na kupoteza nguvu. Katika chombo cha majini, manifoldi nyingi huzungukwa na maji ya kupoozea, hivyo gasketi ikishindwa maji yanaweza kurudi ndani ya silinda. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikiyakuta, koneksheni rodi hupinda au kukatika, na gharama iliyokuwa ya maelfu ya shilingi hugeuka kuwa ya malaki.

Hatari nyingine ni moshi. Kwenye chombo chenye chumba cha injini kilichofunikwa, hewa ya kaboni monoksaidi hukusanyika bila harufu wala rangi, na inaua. Moshi wa moto ukipuliza mbao zilizolowa mafuta, moto hauko mbali.

Injini za nje nazo zimo

Mitumbwi mingi ya uvuvi hutumia injini za petroli zinazofungwa nyuma ya chombo. Hizi hazina manifoldi inayoonekana kama ya dizeli, kwa kuwa moshi hushuka ndani ya mguu wa injini. Hata hivyo zina mfuniko wa ekzosi wenye gasketi, na sehemu hizo ni za aluminiamu. Aluminiamu ni laini: mkwaruzo mmoja wa bisibisi unatosha kuwa mfereji wa maji.

Mnunuzi wa injini iliyotumika anapaswa pia kuuliza ilikotumika. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Injini iliyofanya kazi baharini inaweza kuwa na manifoldi iliyoliwa kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa bado nzuri. Uso wenye vishimo vya kutu karibu na tundu la maji hautibiwi na gasketi nene.

Hatua za kazi

Injini ipoe kabisa na maji ya kupoozea yamwagwe. Nati zilizoshika kutu hupakwa mafuta ya kulegeza na kuachwa zinywe. Nati hufunguliwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati, ili manifoldi isipinde.

Matundu ya silinda hedi huzibwa kwa vitambaa safi kabla ya kukwangua, na vitambaa huhesabiwa ili visisahaulike ndani. Kwa chuma cha kawaida hutumika kikwangulio bapa. Kwa aluminiamu, cha plastiki au cha mbao ngumu. Mashine ya kusaga yenye jiwe haifai, kwani huchimba mabonde ambayo jicho halioni.

Gasketi za injini za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Mabaki yake yaloweshwe kwanza, yasipulizwe kwa upepo wala kusuguliwa makavu.

Baada ya hapo ndipo kipimo. Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso kwa urefu na kwa kukingama, kisha fila geji hujaribiwa chini yake. Kikomo hutolewa na kitabu cha injini husika. Pengo likizidi kikomo hicho, manifoldi ipelekwe kwa fundi mchongaji ikasawazishwe kwa mashine, au ibadilishwe. Uso wa silinda hedi hupimwa vilevile, maana kunyoosha upande mmoja pekee ni kazi nusu.

Stadi zilizovutika au kuliwa nyuzi hubadilishwa. Nyuso hufutwa kwa kitambaa chenye tina na kuachwa zikauke, kwa sababu mafuta huzuia gasketi kushika.

Gasketi mpya hulazwa kavu, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine. Silikoni ya kawaida haivumilii joto la ekzosi isiyopoozwa kwa maji; huungua na kuacha nafasi. Nati hukazwa kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu mbili au tatu, kwa spana yenye kipimo cha nguvu.

Chombo kisiende mbali siku hiyo. Injini iwashwe karibu na ufuko, ikague masizi meusi, mlio wa tiki-tiki na unyevu kwenye maungio. Kwa injini ambazo kitabu kinaelekeza, nati hukazwa tena baada ya kupoa.

Hesabu ya mwenye chombo

Gasketi ni bidhaa ya bei ndogo katika kazi hii. Gharama kubwa ni siku za chombo kulala ufukoni, barafu inayoyeyuka, mafuta yaliyokwisha kununuliwa na wavuvi wasio na kazi. Ndiyo maana muda wa kukwangua na kupima hulipa kuliko kufunga haraka na kufungua tena baada ya wiki.

Kwa mfanyabiashara wa vipuri, hapa kuna soko ambalo halihitaji mtaji mkubwa: rula iliyonyooka, fila geji, vikwangulio vya plastiki, stadi na nati zake, viuzwe pamoja na gasketi. Mteja naye, kabla ya kulipa, amuulize fundi swali moja: uso umepimwa ukaonekana na pengo kiasi gani? Fundi asiye na jibu hajamaliza kazi, na gasketi isubiri dukani.