Jinsi vimelea vya malaria vinavyojificha kwenye mishipa ya damu

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MTOTO anaweza kupimwa damu akaonekana ana vimelea vichache tu vya malaria, lakini saa chache baadaye akapatwa na degedege na kupoteza fahamu. Jibu la kitendawili hicho limo katika mabadiliko ambayo kimelea huyafanya kwenye chembe nyekundu ya damu kinamoishi.

Aina hatari zaidi ya vimelea hivyo, Plasmodium falciparum, ndiyo iliyoenea katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mji wa Ifakara umekuwa kitovu cha utafiti wa maradhi ya bonde hilo tangu mwaka 1957, Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alipoanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Kimelea huishi ndani ya chembe nyekundu kwa takriban saa 48, kikila na kuzaliana. Chembe iliyoambukizwa huwa ngumu, na kama ingeendelea kuzunguka mwilini ingenaswa na kuharibiwa katika bandama, kiungo kinachochuja damu.

Ili kukwepa hatari hiyo, kimelea hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuisukuma hadi juu ya chembe, kwenye vinundu vidogo mno. Protini hiyo hufanya kazi kama gundi: hushika molekuli za kuta za mishipa midogo ya damu, zikiwemo CD36, ICAM-1 na EPCR.

Matokeo yake, vimelea vilivyokomaa hubaki vimeng'ang'ania mishipani, na vile vichanga ndivyo huzunguka na kuonekana kwa darubini. Tone la damu la kidoleni, kwa hiyo, halionyeshi mzigo wote alioubeba mgonjwa.

Chembe hizo zikijazana katika mishipa ya ubongo, damu hupita kwa shida na kuta za mishipa hudhurika. Hiyo ndiyo malaria ya ubongo, na degedege ni mojawapo ya dalili zake. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2013 ulihusisha malaria kali na vimelea vinavyoshika EPCR, molekuli ambayo kwa kawaida husaidia kulinda kuta za mishipa na kuzuia damu isigande ovyo.

Kila kimelea kina jeni zipatazo 60 za gundi hiyo, lakini hutumia moja kwa wakati. Kinga ya mwili ikiitambua moja, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kuvaa nyingine. Ndiyo maana mtoto huugua mara nyingi kabla ya kupata kinga ya kutosha.

Mwanamke aliyekulia Kilombero huwa na kinga hiyo, lakini mimba ya kwanza humrudisha nyuma. Kondo la nyuma huwapa vimelea mahali papya pa kushika. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, kutokana na utafiti wao magharibi mwa Kenya, walionyesha kuwa vimelea vya kondo hushika molekuli iitwayo kondroitini salfeti A. Mama anaweza asihisi homa kabisa, huku akipungukiwa damu na mtoto akizaliwa na uzito mdogo.

Kwa sababu hiyo wajawazito hupewa dawa ya SP kliniki bila kusubiri dalili, miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Nazo chanjo mbili za majaribio dhidi ya gundi ya kondo, PAMVAC na PRIMVAC, zimekwisha kujaribiwa kwa binadamu.

Kwa familia zinazohamia vibanda vya shambani msimu wa mpunga, mbali na zahanati, somo ni moja: muda. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, na akionyesha degedege au usingizi usio wa kawaida akimbizwe hospitali, hata kama kipimo cha awali kilionyesha vimelea vichache.

Chandarua nacho hukata mzizi wa tatizo. Utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27.