Kirumi na Butiama: Mlaji Ajue Analolilipia

Msafiri atokaye Bugwema, akapita Musoma mjini hadi Makutano, hufika penye njia panda. Barabara kuu iendayo Tarime na Sirari huelekea kaskazini na kuteremka hadi Daraja la Kirumi; njia nyingine humpeleka Butiama. Safari zote mbili zaweza kukamilika kwa siku moja. Tunaieleza safari hii katika kijitabu cha walaji kwa sababu malalamiko mengi ya msafiri huzaliwa mahali ambapo hakuuliza bei kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye mandhari.

Kirumi ni mahali pa kutazama kweli. Mto Mara, wenye urefu wa kilomita 395 hivi, huanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha hupoteza haraka yake katika ardhi oevu pana kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Hapo mafunjo hutanda pande zote mbili mithili ya shamba lisilo na mwenyewe. Mwenyewe yupo: wavuvi, wafugaji na wasusi wa mikeka huishi kwa bonde hilo, nayo mafunjo huyachuja maji yashukayo ziwani. Atakaye kupiga picha aegeshe gari mbali na daraja, penye nafasi, wala asimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

Kinachonunuliwa zaidi ukingoni mwa maji ni samaki, na hapa tunamwomba msomaji atulie. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua, kumiliki, kusafirisha na kuuza sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50, au sato aliye chini ya sentimita 25. Katazo hilo halimhusu mvuvi peke yake. Samaki mchanga akikutwa katika kapu lako ndani ya basi, neno la kwamba uliuziwa halitakuondolea lawama. Beba futi ya fundi cherehani. Haina uzito, nayo humaliza ubishi upesi kuliko maneno.

Tazama pia hali ya samaki. Aliye mbichi ana macho maangavu yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi unapoibonyeza kwa kidole. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi, yakatoa harufu, na samaki wakafa. Serikali ikawataka wananchi wasitumie maji hayo wala samaki wake kwa muda. Kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi cha mifugo na kuoza kwa mimea kuwa vyanzo, ingawa wapo waliotilia shaka maelezo hayo. Kwa mnunuzi, tahadhari haikungoja mjadala uishe: samaki aliyeokotwa akielea hanunuliwi, hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Kumkausha au kumkaanga si kumtakasa.

Ukiuziwa kwa kilo, mizani iwe na alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo, na mshale usimame kwenye sifuri kabla samaki hajawekwa. Ukiuziwa kwa fungu, hesabu samaki kabla ya kutoa fedha.

Butiama ina heshima ya namna nyingine. Hapo ndipo alipozaliwa Julius Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na hapo Mwitongo ndipo alipozikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mgeni atofautishe mambo mawili. Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere ni taasisi ya umma: kiingilio chake hulipwa kwa utaratibu wa Serikali, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, nawe hupewa stakabadhi. Mwitongo ni nyumbani kwa familia na penye makaburi. Huingiwi kama sokoni, bali kwa kuomba na kwa mavazi ya staha. Mtanzania achukue kitambulisho chake, kwa kuwa kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni kutoka nje.

Wako vijana wanaojitolea kuongoza wageni, na wengine wanaijua historia ya Wazanaki vizuri kuliko vitabu vingi. Wastahili malipo. Kosa ni kuanza kutembea kabla ya kutaja kiasi, kisha kugombana kivulini mwishoni. Elewaneni mapema kuhusu fedha na muda, na kama bei ni ya mtu mmoja au ya kundi zima. Zawadi juu ya hapo ni hiari yako.

Nauli ya basi isizidi ile iliyopangwa na LATRA, na tiketi ibaki mfukoni mpaka ufike nyumbani. Ukidaiwa zaidi, andika namba za gari, njia, tarehe na saa. Malalamiko yenye mambo hayo manne hufuatiliwa kwa wepesi. Ya mizani hupelekwa Wakala wa Vipimo, na ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani.