Kubadili Springi za Nyuma za Gari la Magurudumu Manne kutoka Mabamba kwenda Koili: Kazi Zinazoondoka na Namna ya Kuzirejesha

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kinachotokea pale springi za mabamba za ekseli ya nyuma zinapoondolewa katika gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na nafasi yake kuchukuliwa na springi za koili. Hoja kuu ni kwamba springi ya mabamba hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, ilhali koili hufanya moja tu, yaani kubeba uzito. Kwa hiyo ubadilishaji ulio salama ni ule unaozitambua kwanza kazi zote zinazoondoka pamoja na mabamba, kisha ukazirejesha moja baada ya nyingine. Mfano unaotumika ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70.

1.0 Utangulizi

Magari ya kazi nzito ya mfululizo wa 70 yalianza kuuzwa mwaka 1984 yakiwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Mwaka 1999 sehemu ya mbele iliwekewa koili, lakini nyuma pakabaki mabamba. Uamuzi huo una mantiki yake. Nyuma ndiko mzigo unakokaa, na mabamba hustahimili mzigo mkubwa, huundwa kwa urahisi, na yakivunjika hutengenezeka hata mbali na mji.

Hata hivyo, gari hilohilo hutumika Afrika Mashariki kubeba watalii mbugani na wagonjwa kutoka vijijini. Kwa mjamzito aliyelazwa nyuma ya gari katika barabara ya vumbi yenye matuta madogomadogo yaliyofuatana, ulaini wa springi si anasa. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki huomba nyuma pawekwe koili pia. Ombi hilo linaeleweka, na kiufundi linawezekana: Range Rover ya mwaka 1970 ilitoka kiwandani na koili katika magurudumu yote manne, na Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ikafuata njia hiyo.

Tatizo ni kwamba maelezo ya kina ya kazi hii hupatikana zaidi katika lugha za kigeni, ilhali mafundi wengi wa ukanda wetu hujadiliana na kuelekezana kwa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuweka misingi ya kazi hiyo katika lugha ya kazi yenyewe.

2.0 Kazi za springi ya mabamba

Ukiitazama springi ya mabamba chini ya gari, utaona vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli kwa boliti zenye umbo la U. Ncha ya mbele imeshikwa kwenye chasisi kwa pini na bushi. Ncha ya nyuma inaning'inia kwenye shakeli inayobembea ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyea. Mpangilio huo mmoja hufanya kazi tano.

Kwanza, hubeba uzito. Pili, huizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Tatu, huizuia isihame kushoto wala kulia. Nne, hupinga msokoto wa ekseli wakati wa kuondoka na wakati wa kufunga breki. Tano, msuguano kati ya bamba na bamba hupunguza mtikisiko, hivyo kuisaidia shokapu.

Kazi hii ya tano ndiyo pia chanzo cha malalamiko. Tuta dogo halina nguvu ya kutosha kuushinda msuguano huo. Mabamba hayatelezi, na mshtuko hupita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Koili haina msuguano wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo huitikia hata tuta dogo. Faida ya koili inatokana na kile inachokosa, na hasara zake vilevile.

3.0 Kuirejesha kazi ya kushika ekseli

Koili ikiwekwa peke yake kati ya chasisi na ekseli, ekseli itakuwa huru kwenda kila upande. Inahitaji kushikwa na mikono ya chuma yenye bushi kwenye ncha zake. Mpangilio unaojulikana sana ni ule wa Land Cruiser ya mfululizo wa 80: mikono miwili ya chini na miwili ya juu inayoelekea mbele, pamoja na fito moja ya kukingama, iitwayo fito ya Panhard kutokana na jina la kampuni ya magari ya Ufaransa. Range Rover ya 1970 ilitumia mikono miwili ya chini na mkono mmoja wa juu wenye umbo la herufi A, ambao huzuia msokoto na pia kuhama kwa ekseli kando.

3.1 Nguvu zinazopita katika mikono

Ukubwa wa nguvu hizi hukadiriwa chini ya uhalisia mara nyingi. Tuchukulie kwamba magurudumu ya nyuma yanalisukuma gari kwa nguvu ya niutoni 10,000, inayokaribia uzito wa tani moja. Tuchukulie pia kwamba viungo vya mikono ya chini viko milimita 300 juu ya ardhi, na vya mikono ya juu viko milimita 200 juu ya vile vya chini, mikono yote ikiwa imelala sawa na ardhi. Nguvu ya ardhini inajaribu kuizungusha ekseli, na mikono ya juu inapaswa kuizuia. Hesabu ya mizunguko kuzunguka kiungo cha chini inatoa:

nguvu ya mikono ya juu = 10,000 × 300 ÷ 200 = niutoni 15,000.

Mikono ya chini inabeba jumla ya nguvu ya msukumo na nguvu ya mikono ya juu, yaani niutoni 25,000. Hivyo msukumo wa takriban tani moja umezaa mgandamizo wa takriban tani mbili na nusu katika mikono ya chini. Wakati wa kufunga breki, nguvu hizi hugeuka mwelekeo. Hili linaonyesha kwa nini mabano yaliyochomelewa kwa haraka hupasuka: hayabebi uzito wa gari, lakini huvutwa na kusukumwa kila dereva anapokanyaga mafuta au breki. Linaonyesha pia kwamba kuisogeza mikono ya juu karibu na ya chini ili kupata nafasi ya tangi au ekzosi huongeza nguvu hizo. Umbali wa milimita 200 ukipunguzwa hadi 100, mikono ya juu itabeba niutoni 30,000.

3.2 Fito ya Panhard

Fito hii imefungwa ncha moja kwenye chasisi na nyingine kwenye ekseli. Ekseli inapopanda au kushuka, ncha yake hufuata njia ya tao, na ekseli husogea kidogo kando. Fito ya milimita 900 iliyolala sawa huisogeza ekseli kwa takriban milimita 6 inapopanda milimita 100. Fito ya milimita 500 huisogeza takriban milimita 10 kwa mwendo huohuo. Kanuni ni nyepesi: fito iwe ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu, na ilale sawa gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Fito iliyoinama tangu mwanzo itamfanya dereva ahisi nyuma ya gari ikihama katika kila tuta.

4.0 Kuchagua koili

Ugumu wa koili hutegemea unene wa waya wake, upana wa mzingo na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Koili ya waya wa milimita 16, yenye mzingo wa wastani wa milimita 120 na mizunguko 7, ina ugumu wa takriban niutoni 53 kwa kila milimita. Waya ukiongezwa hadi milimita 18 bila kubadili kingine, ugumu huongezeka kwa takriban asilimia 60, kwa kuwa unene huingia katika hesabu kwa kipeo cha nne. Kukata mzunguko mmoja ili kushusha gari huongeza ugumu kwa takriban asilimia 17. Anayekata koili anadhani anapunguza kimo tu; kumbe ameunda springi nyingine.

Ugumu unaofaa hutokana na mzigo. Tuchukulie gari ambalo kila koili ya nyuma inabeba kilo 350 likiwa tupu na kilo 850 likiwa limejaa. Kwa koili ya niutoni 60 kwa milimita, nyuma itashuka takriban milimita 82 mzigo unapoingia, na bodi itacheza takriban mara 2.1 kwa sekunde likiwa tupu na mara 1.3 likiwa limejaa. Kwa koili laini ya niutoni 40, mwendo likiwa tupu utapungua hadi mara 1.7 kwa sekunde, lakini gari litashuka milimita 123. Ulaini umelipiwa kwa kimo. Ndiyo maana gari linalobeba mzigo unaobadilika sana ni gumu kulihudumia kwa koili pekee, na baadhi ya wajenzi huongeza mifuko ya hewa kwa ajili ya mzigo wa ziada.

Mwenye gari anapaswa kulipeleka kwenye mizani, tupu na likiwa limejaa, kabla ya kununua chochote. Koili iliyochaguliwa kwa kukisia ndiyo inayogonga stopa kila siku.

5.0 Mambo yanayosahaulika

5.1 Chasisi. Mabamba huingiza uzito kwenye chasisi katika sehemu mbili zilizo mbalimbali, mbele na nyuma ya ekseli. Koili huuingiza katika sehemu moja juu ya ekseli. Mzigo uliokaa nyuma ya sehemu hiyo hujaribu kuikunja chasisi hapohapo. Kwa hiyo kikombe cha koili kinahitaji bamba la kuimarisha lenye eneo pana, na mishono ya kuchomelea isikate chasisi kwa mstari wa wima kutoka ukingo hadi ukingo, kwa maana mstari huo ndio ufa unaoufuata.

5.2 Kuinama kwenye kona. Uwezo wa springi kuzuia bodi isiinamie upande hutegemea mraba wa umbali kati ya springi ya kushoto na ya kulia. Mabamba yaliyokuwa milimita 1,000 kutoka upande hadi upande yakibadilishwa kwa koili zenye ugumu uleule zilizo milimita 800, uwezo huo unabaki asilimia 64. Kwa gari refu la watalii lenye paa la kuinuka na abiria wanaosimama, upungufu huo ni suala la uhai. Fimbo ya kuzuia kuinama inapaswa kuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

5.3 Breki. Magari mengi ya aina hii yana vali inayopima kimo cha nyuma kwa kijiti kinachounganisha ekseli na chasisi. Nyuma ikiwa juu, vali huamini gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari lililoinuliwa na koili mpya bila kurekebisha kijiti hicho litakuwa likiidanganya vali yake hata likiwa limejaa watu. Mipira ya breki na waya wa breki ya mkono nayo ikaguliwe ekseli ikiwa imeshuka kabisa.

5.4 Propela na shokapu. Pembe ya difu iliyokuwa imewekwa na mabamba sasa huwekwa na urefu wa mikono. Ikikosewa, krosi za propela zitatikisika na kuisha mapema. Shokapu nazo hazifai kurudishwa zilezile, kwa kuwa sasa zinafanya peke yake kazi iliyokuwa ikisaidiwa na msuguano wa mabamba. Aidha, shokapu ikiwa ndefu kupita kiasi, koili inaweza kulegea na kutoka katika kikombe chake ekseli inaponing'inia, panahitajika kishikizo.

6.0 Ukaguzi kabla ya kuingia barabarani

Mikono ikishafungwa, ekseli ipandishwe na kushushwa kwa jeki bila koili, kutoka mwisho wa juu hadi mwisho wa chini, kisha upande mmoja juu na mwingine chini. Kinachogusana katika zoezi hilo kitagonga barabarani. Baada ya hapo koili ziwekwe, gari lipimwe kimo likiwa tupu na likiwa limejaa, breki zijaribiwe katika hali zote mbili, na boliti zote zikazwe upya baada ya safari fupi ya kwanza. Nchini Australia, ambako ubadilishaji huu wa mfululizo wa 70 ni biashara iliyokomaa, upo mwongozo wa kitaifa wa marekebisho ya magari uitwao VSB 14, wenye sehemu inayohusu springi na usukani. Kanuni moja inafaa kuzingatiwa popote: anayekagua asiwe yule aliyechomelea.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuondoa mabamba ni kuondoa kazi tano, na kwamba koili hurejesha moja. Nne zilizobaki hurejeshwa na mikono, fito ya Panhard, fimbo ya kuzuia kuinama na shokapu, kila kimoja kikiwa na hesabu yake. Kwa gari linalobeba mzigo mzito usiobadilika, mabamba yaliyotunzwa vizuri, yenye bushi nzima na shokapu nzuri, hubaki kuwa chaguo la busara na la gharama nafuu. Kwa gari linalobeba watu, hasa wagonjwa, koili zinastahili gharama yake. Fundi anayepokea kazi hiyo ana swali moja la kujiuliza kabla hajawasha mashine ya kuchomelea: je, kila kazi iliyofanywa na mabamba haya imeshapata kitakachoifanya? Kama ipo hata moja isiyo na jibu, mabamba yabaki mahali pake.