Daktari wa Mashambani Hupatikanaje?

Wasomaji wetu wa Kamakis, Ruiru na Thika hawakai mbali na daktari. Hospitali ya Ruiru i karibu nao, na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, si mwendo mrefu kwa gari. Tena wamezungukwa na vyuo. Udaktari hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Kahawa, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika. Vyuo vitatu, njia moja!

Mkulima wa Tana River au mfugaji wa Turkana hana bahati hiyo. Mkewe akishikwa na uchungu wa kuzaa na mtoto akalala vibaya tumboni, huenda daktari wa kumpasua yuko mwendo wa saa nyingi. Lakini mtu huyo naye hulipa kodi kama sisi, kila anunuapo sabuni dukani. Basi yafaa tuulize: fedha za umma zikimfundisha daktari, zafanya nini kumfikisha kwa mtu huyu?

FEDHA ZATOKA WAPI?

Zamani Mkenya aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Mwaka 1967 Nairobi ilianza kufundisha madaktari wake yenyewe. Siku hizi mwanafunzi husoma miaka 6, kisha hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya madaktari wakubwa, ndipo aruhusiwe kutibu peke yake. Jumla ni miaka 7. Kazi ya miaka mingi namna hii haiwezi kuwa ya bei rahisi, na wazazi walio wengi hawaimudu peke yao.

Kwa hiyo Serikali husaidia. Sehemu ya gharama hutoka katika hazina ya umma, na sehemu hukopeshwa mwanafunzi na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iitwayo HELB, iliyoundwa mwaka 1995. Mwaka 2023 uliletwa utaratibu mpya wa kugawa msaada na mikopo kwa kadiri ya uwezo wa kila nyumba, nao ukapelekwa mahakamani. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu nao walianzishiwa mfuko wa mikopo uitwao Afya Elimu mwaka 2013.

Sasa angalieni jambo moja. Mkopo hurudishwa kwa shilingi. Daktari akifanya kazi Nairobi, Lodwar au London, deni lake ni lile lile. Mkopo wenyewe haumdai hata siku moja ya kazi mashambani.

WENGINE HUFANYAJE?

Huko Japani, mwaka 1972, serikali za majimbo zilishirikiana kufungua chuo cha udaktari kiitwacho Jichi. Kila mwaka kila jimbo huchagua vijana wake wawili au watatu na kuwakopesha ada yote. Kijana akifuzu hurudi jimboni kwake kufanya kazi, kwa kawaida miaka 9, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huwa vijijini na visiwani. Akiitimiza, deni lafutwa. Akiondoka kabla, hulipa. Walio wengi huitimiza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya jambo hili mwaka 2010 na tena mwaka 2021. Lasema: wachagueni wanafunzi waliolelewa mashambani, kwa kuwa hao ndio wepesi wa kurudi huko, wafundisheni sehemu ya masomo vijijini, na anayelipiwa ada awe na mkataba wa kutumika. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, huwapeleka wanafunzi wake wa udaktari katika vituo vya afya vya mashambani wajionee kazi.

MKATABA PEKE YAKE HAUTOSHI

Wakulima wa Ruiru wanaijua kahawa ya Ruiru 11. Ilitafitiwa hapa kwetu, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Kama miche ingebaki kituoni, fedha zile za utafiti zingemfaa nani? Daktari naye ni vivyo hivyo. Akifuzu na asipewe mahali pa kazi, ni mche uliokauka kitaluni.

Tangu mwaka 2013 kaunti ndizo zinazoajiri madaktari wa hospitali zake. Kaunti isipotenga mshahara, daktari hukaa nyumbani, na wagonjwa wangali wanangoja. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na sababu moja ilikuwa malipo ya hao walio katika ule mwaka wa kazi hospitalini. Mwaka 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma karibu miezi 5. Hapo hata mtu wa Kamakis, aliye karibu na vyuo vyote, alionja shida ya mkulima wa mbali.

Kenya ilijaribu pia kuazima. Mwaka 2018 madaktari 100 wa Cuba walikuja wakagawanywa katika kaunti. Mapatano hayo yalikoma mwaka 2023. Jembe la kuazima hurudi kwa mwenyewe.

TUFANYE NINI?

Daktari wa mashambani ahitaji vitu vitatu pamoja: ada iliyolipwa kwa mkataba wa kutumika, kazi yenye mshahara usiochelewa, na mahali pa kufanyia, yaani nyumba, dawa, umeme, na mwenziwe wa kupokezana zamu. Kimoja kikikosekana, viwili vingine ni hasara.

Katiba ya mwaka 2010 yampa mwananchi haki ya kusema juu ya matumizi ya fedha za umma. Basi kaunti inapoita mkutano wa makadirio ya fedha, nendeni. Msiulize tu ni zahanati ngapi zitajengwa. Ulizeni ni nani atakayetibu ndani yake, na mshahara wake umetengwa wapi. Na kijana wa kijijini apendaye hesabu, biolojia na kemia asivunjwe moyo. Huenda yeye ndiye daktari mnayemngoja.