Msitu, Mbuga na Amani Yetu

  Leo tutazungumza juu ya msitu na mbuga ya Virunga. Pengine mama mmoja atauliza: «Watoto wangu hawajala, nawe unanieleza habari za wanyama?» Swali hilo ni la haki, na maelezo yetu yote yanalijibu.

Parki ya Taifa ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, ikiitwa Parki Albert. Ina karibu kilomita za mraba 7,800, tangu volkeno zilizo karibu na Goma hadi barafu ya mlima Ruwenzori. Nchi yake si ya namna moja. Kaskazini, katika bonde la Semliki, kuna msitu mzito ambamo okapi anaishi, mnyama asiyepatikana porini katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Kwenye milima ya volkeno kuna msitu wa baridi wenye gorila. Katikati, kandokando ya Ziwa Edward, kuna mbuga, ni kusema uwanda wa majani marefu na miti michache. Huko wanaishi tembo, nyati, simba na viboko.

Kwa nini msitu hapa na mbuga pale? Sababu kubwa ni mvua. Milima inazuia mawingu na kunyeshewa sana. Uwanda wa chini unapata mvua kidogo na jua kali. Tena moto wa kiangazi na meno ya wanyama vinazuia miti isijaze mbuga.

Tofauti hiyo inatufundisha jambo moja kubwa. Majani ya mbuga yakiliwa ao yakiungua, mizizi inabaki chini, na mvua ikirudi yanaota. Msitu hauna haraka hiyo. Mti mkubwa unaoangushwa kwa nusu siku umekomaa kwa muda wa maisha ya mtu, ao zaidi. Miti ikiondoka mlimani, mvua inapiga udongo mtupu na kuuteremsha, na chemchemi zinapungua. Wa kwanza kuumia ni mkulima wa chini ya mlima.

Tukumbuke mwaka 1994. Mwezi wa saba, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma. Kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga ziliwekwa kandokando ya parki. Watu walihitaji kupika, na kila siku maelfu waliingia msituni kutafuta kuni. Mwaka huohuo UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kisha, tangu mwaka 2022, ndugu zetu wengi waliokimbia mapigano ya Rutshuru walifika Kanyaruchinya na kando nyingine za Goma, nao walikuwa na shida ileile ya kuni.

Sasa tutazame mbuga. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walihesabiwa karibu 29,000. Hesabu za miaka ya 2005 na 2006 ziliwakuta chini ya 1,000. Watu wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Kiboko anakula majani usiku na kurudi ziwani mchana. Mavi yake yanalisha vijidudu vya maji, na vijidudu vinalisha samaki. Kwa hiyo viboko walipopungua, na nyavu haramu zikaongezeka, wavuvi wa Vitshumbi waliona tilapia wanapungua. Mama, hapa ndipo habari ya mnyama inafika katika chungu chako.

Lakini mbuga inaweza kupona. Mwaka 2020 mamia ya tembo walirudi kutoka upande wa Uganda. Walivunja vichaka vilivyokuwa vimefunika uwanda, majani yakapata nafasi, na wanyama wengine wakafuata. Mbuga ikipewa utulivu kidogo inainuka. Msitu wenyewe unadai miaka mingi ya amani.

Sheria inasema nini? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mwezi wa pili 2014 juu ya uhifadhi wa asili inalinda parki. Lakini haki haimtazami mwenye gunia moja la makala tu. Biashara ya makala imelisha vikundi vya silaha kwa miaka mingi. Mwanamke anayekwenda msituni kwa kukosa njia nyingine anahatarisha mwili wake na uhai wake. Kumwita mwizi, na kunyamaza mbele ya wenye bunduki, hakuleti amani.

Basi tufanye nini? Kwa ninyi akina mama: loweka maharagwe tangu usiku, funika chungu, kausha kuni vizuri, tumia babula lisilopoteza moto. Kwa njia hiyo kuni zinapungua na safari za hatari zinapungua.

Kwa viongozi: msingojee ugomvi. Iteni baraza la wenyeji na wakimbizi, wanawake wakiwamo, kabla kuni hazijawagawanya. Patana mahali pa kukata, siku za kukata na bei. Anayekuja kutoa msaada wa chakula aulizwe pia: «Kitapikwa kwa moto gani?» Na wenye mashamba wapande mikaratusi ya kuni nje ya parki, baada ya miaka michache inakatwa, na shina linachipuka tena.

Mwenyeji na mkimbizi wanakunywa maji ya mlima mmoja. Mlima ukibaki mtupu, wote wawili watakosa maji, na vita vingine vitaanzia kisimani. Zungumzeni habari hii leo jioni, penye moto wenu. Amani ikae nanyi.