Mzazi Akipasuliwa Jicho, Usimwache Ahesabu Feza Peke Yake



Baada ya mkutano wetu wa siku ya Mungu, wamama kadhaa waliniuliza namna tulivyomtunza Mama alipopasuliwa jicho. Wengi wana mzee nyumbani ambaye macho yake yameanza kufunikwa. Niliahidi kuandika, na leo natimiza ahadi. Nitaeleza yote, hata kosa nililolifanya mimi mwenyewe, sababu kosa hilo lilikaribia kumpotezea Mama jicho lake.

Mambo yalianza polepole. Mama ana meza yake ndogo mbele ya lupangu, anauza makala na samaki wakavu. Tuliona feza za jioni zinapungua. Kumbe alikuwa anachanganya noti za franka 500 na za 1,000, na wateja walirudi nyumbani na chenji isiyo yao. Kisha akaacha kwenda ibada ya jioni. Akimimina chai, nusu inaingia kikombeni, nusu inamwagika mezani. Tukimuuliza anajibu, "Ni uzee tu, wanangu." Jirani mmoja alileta maji ya majani ili tuyatie machoni. Alifanya hivyo kwa upendo, lakini nilikataa, na nitaeleza kwa nini.

Ugonjwa huo ni mtoto wa jicho, ambao madaktari wanauita katarakti. Wengi wanafikiri ni ngozi inayoota juu ya jicho. Sivyo. Ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni nyeusi, kuna lenzi safi kama kioo. Miaka ikizidi, lenzi hiyo inapoteza usafi wake, sawa na ute wa yai unavyogeuka mweupe ukiupika. Yai likishaiva haliwezi kurudi kuwa bichi, na lenzi iliyogeuka nyeupe hairudi kuwa safi kwa dawa ya matone wala kwa majani. Maji ya majani hayaifikii kabisa. Yanachoweza kufanya ni kuleta kidonda mbele ya jicho, na kidonda hicho kinaweza kuacha kovu la maisha. Katarakti ndiyo inayopofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wo wote duniani, na dawa yake ni moja: kupasuliwa. Daktari anatoa lenzi iliyochafuka na kuweka mahali pake lenzi ndogo iliyotengenezwa na watu.

Mama aliposikia "lenzi iliyotengenezwa" aliogopa. Nikamsimulia habari ya daktari Harold Ridley wa London. Wakati wa vita kuu ya pili, marubani wengine waliumia macho vioo vya ndege zao vilipovunjika. Vioo hivyo vilikuwa vya plastiki ngumu. Ridley aliona kwamba vipande vilivyobaki ndani ya jicho havikuleta uvimbe kama alivyotazamia. Akawaza: kama jicho linaweza kuvumilia plastiki hii, kwa nini tusitengeneze lenzi kwayo? Mwaka 1949 alianza kuiweka katika jicho la mama mmoja mwenye miaka 45. Mbele ya hapo, mtu aliyetolewa mtoto wa jicho alibaki na miwani minene sana maisha yake yote. Mama alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Na huyo mama, aliona?" Kisha akauliza lile lililokuwa moyoni mwake zaidi: "Ni feza ngapi?"

Swali hilo tuliangalie vizuri. Wazee wetu wa Kolwezi wana sababu ya kuliuliza kwanza. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Wanaokumbuka wakati ule wanajua: kampuni ilikuwa na hospitali zake na shule zake, na mke na watoto wa mfanyakazi walitibiwa bila kuhesabu feza mlangoni. Halafu kampuni ikaanguka. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliacha kazi, na Baba alikuwa mmoja wao. Tangu siku hiyo Mama alijifunza kwamba sindano ina bei, glavu zina bei, hata kitanda kina bei. Mzee wa namna hiyo akisema "sijambo", usimwamini upesi. Pengine anailinda feza yako.

Mbele ya siku yenyewe

Tulikutana sisi watoto wote. Yaya yangu wa kiume alitoa sehemu yake, mdogo wetu aliye Likasi alituma yake, na ninyi wamama mlikubali nipokee zamu yangu ya likelemba mapema. Asanteni tena. Lakini hesabu yetu ilikuwa na tundu. Tulihesabu kupasuliwa tu.

Mama mwenzangu, ukienda kuuliza bei, uliza mambo haya yote na uyaandike. Je, lenzi imo ndani ya bei? Dawa za matone za majuma yote zimo, au tutazinunua farmasi? Siku za kurudi kuangaliwa ni ngapi, na kila siku inalipiwa? Vipimo vya sukari na tansiyo vinalipiwa kando? Kisha ongeza usafiri wa kila safari. Mwisho weka bahasha ya pembeni, ya jambo lisilotazamiwa. Bahasha hiyo sisi hatukuiweka.

Vipimo vya sukari na tansiyo usiviruke. Sukari ikiwa juu, kidonda kinachelewa kupona na vijidudu vinapata njia. Mwambie daktari dawa zote ambazo mzee anatumia, hata za kienyeji. Siku yenyewe aoge vizuri, aoshe nywele na uso, asipake mafuta wala poda usoni, avae kikwembe safi na blauzi inayofunguka mbele, ili asiivute kichwani akirudi.

Kazi ya daktari haikuchukua hata saa moja. Mama hakulazwa usingizi. Walifanya jicho tu lisisikie maumivu, naye alisikia sauti za watu muda wote. Jioni ile ile tulirudi naye nyumbani, jicho limefunikwa. Tulichukua taksi, vioo vimefungwa. Pikipiki ni rahisi, lakini tulikuwa katikati ya kiangazi, na ninyi mnajua vumbi la barabara zetu malori yakipita.

Nyumbani: kazi ya kumfanya mtu apumzike

Chumba cha Mama tulikipangusa kwa kitambaa chenye maji, hatukufagia kwa ufagio mkavu. Foronya ya mto tulibadilisha mara kwa mara. Mbabula tuliihamisha mbali na dirisha lake, sababu moshi unawasha jicho na kulifanya mtu alisugue. Usiku alivaa kile kifuniko cha plastiki alichopewa, na hakulalia upande wa jicho lililopasuliwa.

Dawa za matone zina adabu yake. Kwanza mikono kwa maji na sabuni, kila mara. Mzee aketi, ainue kidevu. Vuta kope la chini taratibu kwa kidole, dondosha tone moja katika kile kifuko kinachoonekana, naye afumbe jicho bila kulikaza. Mdomo wa chupa usiguse jicho wala kope. Kama dawa ni mbili, ngoja dakika tano katikati, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Usiache dawa kwa sababu jicho limependeza. Daktari ndiye anayesema siku ya kuacha, na mara nyingi dawa moja inapunguzwa polepole kwa majuma kadhaa.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilichora ratiba kama daftari la mahudhurio. Mama hasomi, kwa hiyo nilichora jua linalopanda, jua la juu, jua linaloshuka na mwezi. Kila tone likiingia, alitia mwenyewe alama kwa kipande cha kala. Mimi niko shuleni mchana, basi tone la saa sita lilitiwa na jirani yetu, mwanachama mwenzetu. Jioni nilimfundisha yaya yangu wa kiume. Alisema hiyo ni kazi ya wanawake. Nikamjibu kwamba jicho halijui nani ameshika chupa. Akajifunza, na mkono wake ukawa mtulivu kuliko wangu.

Lililo gumu zaidi ni kumketisha mama ambaye hajawahi kukaa bila kazi tangu alipoolewa. Siku ya pili nilimkuta ameinama, anapuliza mbabula. Majuma ya kwanza mzee asiiname kichwa chini, asibebe ndoo ya maji wala mtoto mgongoni, asitwange sombe, asisugue jicho, na maji yasiingie jichoni. Mwili uoge kuanzia shingoni kwenda chini, uso upanguswe kwa kitambaa safi. Lakini kumwambia tu "kaa, usifanye" ni kumfunga. Mpe kazi isiyomdhuru. Mama alichambua maharagwe akiwa ameketi wima mezani, alishika funguo za nyumba, na jioni wajukuu walimzunguka nkambo wao kusikiliza hadithi. Tena umuulize kabla ya kumgusa: "Mama, nikupanguse uso?" Ameumwa jicho, hajageuka kuwa mtoto.

Chakula hakina mwiko kwa ajili ya jicho. Ale bukari, sombe, samaki, maharagwe, matunda. Mwenye ugonjwa wa sukari tu afuate masharti yake ya siku zote.

Usiku wa nne

Sasa kosa langu. Siku ya nne, jioni, nilikuwa uani ninazungumza na yaya kwa simu. Dawa moja ilikuwa inakaribia kwisha, na feza zilikuwa zimekwisha. Nilikasirika, nikasema kwa sauti, "Hatuna tena hata franka moja, huyu jicho atatumaliza!" Dirisha la Mama lilikuwa wazi.

Usiku wa manane niliamka, nikamwona ameketi kitandani, mkono karibu na jicho. Nikauliza kama anaumwa. "Ni vumbi tu, mwanangu. Lala, kesho una kazi." Nikalala. Asubuhi nilipofungua kifuniko, jicho lilikuwa jekundu kuliko jana yake, na mwanga wa mlangoni ulimfanya atoe machozi. Nikashika mkono wangu mbele yake: "Vidole vingapi?" Siku iliyopita aliviona. Sasa hakuviona.

Sikwenda shuleni. Nilikopa feza ya taksi kwa jirani, tukaenda. Daktari aliangalia, akasema uvimbe umezidi ndani ya jicho, akaongeza dawa, akatutaka turudi kila siku mpaka uvimbe upungue. Kisha akamuuliza Mama maumivu yalianza lini. Mama akainamisha macho: "Jana mchana." Daktari akaniambia mimi, si yeye, kwamba tungengoja mpaka siku ya Mungu tungeweza kulipoteza jicho.

Njiani kurudi, Mama alisema kwa upole: "Nilisikia hamna tena feza." Hakuna aliyekuwa amemkataza kusema. Maneno yangu ndiyo yaliyomfunga mdomo. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini tuwe wa kweli: mara nyingine sisi watoto ndio tunaomfundisha mzee kuficha.

Kwa hiyo shikeni dalili hizi. Siku za kwanza, jicho kuwasha kidogo kama lina mchanga, kutoa machozi na kuona ukungu ni mambo ya kawaida. Ila maumivu yanayozidi, wekundu unaozidi, kuona kunakopungua baada ya kupata nafuu, usaha, kuumwa kichwa pamoja na kutapika, au kuona vimulimuli na kama pazia linashuka: hayo hayangojei kesho. Mnarudi siku ile ile. Na kila asubuhi usiulize tu "umeamkaje?", sababu mzee atajibu "vizuri". Funga lile jicho lingine, umwonyeshe vidole, umuulize ni vingapi. Vidole havina haya.

Baada ya majuma kadhaa jicho la Mama lilitulia. Anaweza kuhitaji miwani ya kuona karibu, na hilo ni la kawaida. Walituambia pia kwamba baada ya miezi au miaka ukungu mwepesi unaweza kurudi nyuma ya ile lenzi. Hilo si mtoto wa jicho mpya, linaondolewa kwa mwanga maalumu kwa dakika chache, bila kisu.

Asubuhi ya kwanza aliyoona vizuri, nilitazamia maneno ya shukrani. Mama alisimama katikati ya nyumba, akaangalia kuta, rafu, na sufuria zangu, akasema: "Kumbe nyumba yako iko chafu hivi!" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Sasa yuko mezani kwake tena, na noti anazijua.

Jicho la pili linangoja. Safari hii bahasha ya pembeni imeshaanza, na tuliihesabu mbele ya Mama, mezani, kwa sauti. Tulimwambia: "Hii ni ya siku utakayosema unaumwa. Usiposema, itakaa bure." Aliishika, akaipima mkononi, akamrudishia yaya aitunze.