Ngozi ya Bi Harusi Haitengenezwi kwa Siku Tatu

Mfungo Mosi umeingia, na kama ilivyo ada ya miji yetu ya pwani, kadi za harusi zimeanza kutufikia mbili mbili. Kabla ya kwenda kwa fundi kushona, twaomba ruhusa ya kuzungumza na akina mama, masomo na mabi harusi juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa jikoni kwa sauti ya chini, nalo ni ngozi.

Msimu uliopita tulialikwa kupamba. Bi harusi aliketi ameificha mikono ndani ya mtandio wake, nasi tuliokuwa mbali tukadhani ni haya. Waliomkaribia waliona kilichofichwa. Maua aliyochorwa kwa piko siku mbili kabla yalikuwa yamevimba na kujaa maji, jani kwa jani, kama kwamba mchoraji alitumia kaa la moto. Shangazi yake aliketi ubavuni akimpepea vidole usiku kucha.

Hina na piko si kitu kimoja. Hina ni majani ya mti yaliyokaushwa na kutwangwa. Hukandwa, hukaa mkononi saa nyingi, na ikibanduliwa huacha rangi ya machungwa ambayo hukolea kuwa hudhurungi baada ya siku moja au mbili. Haitoi weusi wa makaa, tena kwa nusu saa. Piko ni dawa ya kutia nywele rangi, na hata kwa nywele, maelezo ya pakiti humtaka mtumiaji aijaribu kwanza juu ya sehemu ndogo ya ngozi na kungoja siku mbili. Sisi twaichora nzito juu ya mikono na miguu, kisha twaiacha ikauke. Wapo walioitumia miaka mingi wasidhurike, na hilo ndilo linalotuhadaa: mwili huweza kuivumilia mara ya kwanza na ya pili, kisha ukaikataa mara ya tatu. Ukishaikataa, hausahau. Msichana aliyebabuka mikono leo aweza kuvimba uso miaka ishirini baadaye, siku atakapotaka kuficha mvi zake. (Na mtoto mchanga asipakwe hata hina ya kweli, kwani wapo wazaliwao na upungufu katika damu ambao hina huweza kuwavunja chembe zao za damu.)

Likitokea la kutokea, piko ioshwe mara moja kwa maji na sabuni isiyo kali, malengelenge yasitumbuliwe, dawa ya meno isipakwe, na mgonjwa apelekwe hospitali. Uso ukivimba au pumzi ikibana, asingojwe mpaka asubuhi.

La pili ni mkorogo, na hapa tuseme kweli ijapokuwa itatuudhi. Bi harusi hajichubui kwa sababu kioo kimemwambia. Hujichubua kwa sababu sisi, tukishaketi ukumbini, ndio tunaoulizana mbona hakung'aa. Basi hutafutiwa kijikopo kisicho na maandishi. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hupenya ngozi, ikaingia damuni na kudhuru figo. Mjamzito humfikishia aliye tumboni, na mtoto anayelala kifuani mwa mamake huipata kwa kugusana tu. Nyengine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi yenye rangi ya samawati ambayo ni tabu kuondoka. Nyengine zina steroidi, dawa ambayo daktari huitoa kwa kipimo na kwa siku chache. Ikipakwa usoni kila siku, ngozi huwa nyembamba na chunusi hufumuka. Mtu akiacha, uso humwaka moto, naye hukimbilia kopo lile lile. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku hapa Kenya, lakini marufuku haiingii chumbani mwa bi harusi.

Singo ya bibi zetu, iliyotengenezwa kwa liwa, maua na marashi, haikumbadilisha mtu rangi wala haikukusudiwa hivyo. Ilimwondoa ngozi kavu kwa taratibu, ikamwachia harufu nzuri. Mwenye chunusi au pumu ya ngozi asisuguliwe, hata kwa singo. Na ndimu iachwe jikoni: maji yake yakipakwa mwilini kisha ngozi ikapigwa na jua, huunguza na kuacha alama nyeusi.

Yaliyobaki ni ya kila siku na hayana gharama kubwa. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, ambayo huikausha ngozi. Mwenye maji matamu hata kopo mbili ajisuuze nayo mwisho. Mafuta ya nazi yapakwe ngozi ingali na unyevu, yapate kuuzuia usitoke. Tunaotawadha mara tano kwa siku twafaa tukaushe katikati ya vidole vya miguu kabla ya kuvaa soksi, maana hapo ndipo fangasi hupenda kukaa. Katika joto la kaskazi, nguo ya ndani ya buibui iwe ya pamba, kwa kuwa kitambaa kisichopitisha hewa huzuia jasho na kuleta harara. Mtoto mwenye choa awe na taulo lake, wala asipakwe krimu yoyote ya kuondoa mwasho: yenye steroidi hutuliza mwasho huku choa ikienea chini kwa chini.

Jua nalo lina pande mbili. Mtoto mwenye ualbino hahitaji kubembelezwa kuhusu kofia na mikono mirefu. Ni lazima, tangu anapojua kutembea. Lakini mwanamke asiyetoka nje kabisa huweza kupungukiwa na vitamini D. Nyumba za kale zilikuwa na ua ulio wazi juu, ambamo bibi aliweza kuketi na wajukuu bila ya kuonekana na mtu. Fleti za leo hazina ua, nasi hatukuwahi kuuliza ni nini kilichopotea pamoja nao.

Bi harusi wetu tulimtembelea miezi mitatu baadaye. Malengelenge yalikauka, lakini maua yangali mikononi mwake kwa rangi hafifu, nayo huyapaka mafuta kila baada ya kuoga. Mdogo wake aolewa mwezi huu. Tuliyakuta majani ya hina yameshaanikwa juu ya jamvi, naye mwenyewe ameketi karibu akiyachambua vijiti.